Pumba za Mzee Hamoud

Shemeji yangu Valentino anaweza kuharibu jambo kwa kushukuru. Wengine huharibu kwa wizi, kwa ulevi, kwa umbea, na watu hao utawapeleka kwa mtendaji au kwa padri na utasikilizwa. Lakini anayeharibu kwa shukrani utamshitaki wapi? Ukifungua mdomo tu, wewe ndiye utakayeonekana mwenye roho mbaya. Basi mimi nakubali kuonekana hivyo, maana nimeshakaa nalo mpaka linanivimbisha.

Nafuga nguruwe hapa Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora. Nilianza baada ya kufiwa na mume wangu, kaka yake Valentino, aliyeniachia binti mmoja, majembe mawili na heshima ya ukoo. Heshima ya ukoo haiivi hata ukiichemsha kutwa. Nguruwe ndio waliomsomesha binti yangu Julieth mpaka akamaliza shule, na ndio wanaomsomesha uuguzi sasa. Kila jike wangu mkubwa, Malkia, anapozaa, mwanangu anaendelea muhula mwingine. Malkia asipozaa, au akizaa akakosa maziwa, Julieth anarudi nyumbani kunisaidia kuchota maji. Sina njia nyingine na sijawahi kujidanganya kwamba ninayo.

Watu husema nguruwe hula chochote. Wanaosema hivyo ndio wale ambao nguruwe wao wana mbavu za kuhesabika na masikio makubwa kuliko mapaja. Nguruwe hula mabaki, sawa, lakini mabaki nayo yana akili yake. Pumba laini za mpunga ndizo ugali wake. Yale makapi magumu ya nje hayana kitu, ni sawa na kumlisha mkeka. Unamchanganyia mashudu ya alizeti kidogo, dagaa waliovunjika chini ya gunia, na maganda ya viazi kutoka kwa wanawake wanaovikata na kuvikausha kuwa michembe. Machicha ya pombe ni mazuri pia, ila uyakamue, la sivyo utakuta banda zima limelala chali kama wajumbe baada ya mkutano. Vyote hivyo ni takataka za kazi ya mtu mwingine. Ukifika kwa wakati, na ukafagia pale ulipochotea, unapewa bure na kushukuriwa juu yake.

Pumba zangu zilitoka kwa Mzee Hamoud. Mashine yake ya kukoboa mpunga iko kwenye ile njia ya zamani ya misafara, iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Ujiji. Babu wa babu yake alipita hapo na msafara, akauza nguo, akaoa, akabaki. Babu wa babu yangu alipita hapo hapo na mzigo wa mtu kichwani. Watu wetu hujisifia sana habari hizo, kwamba Mnyamwezi alitembea mpaka baharini na pembe ya ndovu begani. Mimi sijaona sifa katika kubebeshwa. Ninachokiona ni kwamba watu wa aina nyingi walikutana hapa wakiwa wamechoka, wakalazimika kujifunza kukaa pamoja bila kuulizana kila kitu.

Sasa Mzee Hamoud ni mtu wa swala tano, na mimi ni mtu wa nguruwe. Pumba zake zilifikaje kwenye kihori changu? Zilifika kwa adabu. Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba, aliniuliza ninafuga nini. Kabla sijajibu alijijibu mwenyewe.

“Kuku, bila shaka.”

“Ndiyo mzee. Kuku.”

“Kuku wanapenda pumba,” akasema, akawaita vijana wake wanipakilie.

Tangu siku hiyo pumba zikawa za kuku. Kila nilipokwenda aliniuliza hali ya kuku, nami nilijibu hawajambo. Kuku wa kumaliza magunia yale kwa wiki wangekuwa na kimo cha ndama, na kila mtu pale mashineni alilijua hilo. Vijana wa mashine walijua. Mkewe, Bi Salme, alijua. Siku moja aliniuliza kama kuku wangu wameshazaa, akajirudi, akasema kutaga, na wala hakucheka. Huo haukuwa uongo. Ili kitu kiwe uongo lazima awepo mtu mmoja anayedanganyika, na pale hakuwepo. Mzee alikuwa anaondolewa lundo lililokuwa likimzibia uwanja kila msimu wa mpunga, mimi nililisha banda, na jina lake halikutajwa karibu na kitu asichokitaka.

Nami nilikuwa na sehemu yangu. Nilioga na kubadilisha nguo kabla ya kwenda. Mkokoteni wangu wa punda niliusugua kwa majivu. Magunia ya kwake sikuyaweka bandani kamwe. Nilimwaga pumba kwenye pipa nje na kuyakung’uta. Ijumaa sikukanyaga. Miaka ikapita hivyo, kwa amani ambayo hakuna mkutano wala semina iliyowahi kuileta.

Semina ilimleta Valentino. Alirudi kutoka Dar es Salaam na simu kubwa, gambuti nyeupe, na maneno. Kabla hajawa na nguruwe hata mmoja alikuwa na kibao barabarani kilichoandikwa kwa Kiingereza, ingawa wateja wote wa Itetemia wanabishana bei kwa Kinyamwezi. Alijiita Mkurugenzi. Gambuti alizivaa mpaka kanisani, ili tusisahau. Aliwalisha nguruwe wake chakula cha dukani, kile cha mifuko yenye picha, na kila asubuhi aliwapiga picha na kuwarusha mtandaoni kana kwamba wanagombea udiwani. Mfuko ulipokauka, picha zikakoma, akaja kwangu.

“Shemeji,” akasema, “nguruwe wako wamenenepa na wewe hununui kitu. Nipe siri.”

Nilimpa. Nilimpa kwa sababu ni damu ya marehemu, na kwa sababu nguruwe wake walikuwa wanalia mpaka kwangu kunasikika, na mnyama hana kosa kwa kuwa bwana wake ni bwege. Nilimgawia pumba kutoka kwenye mkokoteni wangu, nikamfundisha kuchanganya. Nilimwonya jambo moja tu.

“Pumba hizi ni za kuku. Mtu yeyote akikuuliza, ni za kuku.”

Akacheka. “Shemeji, dunia ya leo ni ya uwazi.”

“Uwazi wako upeleke kwenye suruali,” nikamwambia. “Hapa ni Tabora.”

Alicheka tena. Huo ndio ugonjwa wa Valentino: ukimtukana anadhani mnataniana.

Kila mwaka baada ya mavuno parokia yetu hufanya misa ya shukrani, na baada ya misa ni karamu. Wageni wa dini zote hualikwa, na kwa ajili hiyo kuku na mbuzi wote wa siku hiyo huchinjwa na Rashidi, ambaye ni Mwislamu, ili asiwepo mgeni wa kushika sahani kwa mashaka. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, siku hiyo haionekani mezani. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja. Mzee Hamoud hutoa mchele wa karamu kila mwaka. Mwaka huu alikuja mwenyewe, na kanzu yake safi, akakalishwa mbele chini ya turubai karibu na paroko, akapewa soda.

Wakati wa kutoa mazao watu walipita na mahindi, asali, karanga, jogoo. Valentino akaja na nguruwe. Mzima. Alikuwa amemwogesha, amemfunga utepe mwekundu shingoni, amemweka kwenye toroli, na anamsukuma taratibu katikati ya viti kama anayesindikiza bibi harusi. Watoto walipiga kelele. Mzee Hamoud alitazama soda yake. Hata hapo mambo yangepita, maana zawadi ni zawadi na toroli lilikuwa linaelekea nyuma. Lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, na Valentino na kipaza sauti hawajawahi kupishana.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina.”

“Mimi ni Mkurugenzi Valentino,” akasema, kana kwamba kuna mtu pale aliyekuwa na bahati ya kutomjua. “Namshukuru Mungu. Lakini leo nataka kumshukuru mtu mmoja mnyenyekevu sana, mtu ambaye hapendi kujitangaza. Ndugu zangu, huyu nguruwe mnayemwona, na nguruwe wote wa kwangu na wa shemeji yangu, wamekua kwa pumba za mashine ya Mzee Hamoud. Bila mzee huyu, nawaambia ukweli, Itetemia tusingekuwa na kitimoto. Huu ndio umoja wa dini tunaouhubiri. Mzee wetu, tafadhali simama watu wakuone.”

Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye na gambuti zake. Mzee Hamoud alikaa kidogo. Nadhani alikuwa anangoja mtu mwenye akili aseme neno. Hakutokea. Basi akaweka chupa chini, akasimama, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kuitikia, kwa sababu yeye ni mgeni na mgeni aliyeombwa kusimama husimama. Na turubai zima likapiga makofi. Watu wazima, wenye vyeti vya ubatizo na vya ndoa, wakapiga makofi na vigelegele kama wameona mpira umeingia golini. Mzee akakaa. Hakuondoka mpaka paroko alipofunga kwa sala, na chakula hakukigusa.

Habari zilizofuata nilizisikia kwa vipande. Sokoni watu wakaanza kuuliza kama mchele wake unakobolewa mahali pamoja na chakula cha nguruwe. Waliouliza ni walewale waliokuwa wakiuona mkokoteni wangu ukitoka pale miaka yote, tena wengine walinisaidia kuusukuma uliponasa kwenye mchanga. Sasa walishangaa, wakashika vinywa, wakajitia ugeni. Barazani wenzake wakamtania kwa jina ambalo sitalirudia. Mkwe wake akarudisha mchele uliopelekwa kwa ajili ya arusi, kwa maneno mazuri sana, na maneno mazuri ndiyo yaliyouma. Mtu mzima aliyeheshimika maisha yake yote akawa kichekesho, kwa sababu mpumbavu mmoja alitaka kuonekana ana shukrani.

Mzee hakugombana na mtu. Alichofanya ni kuamuru pumba zichomwe. Lundo lote, laini kwa ngumu, likawashwa moto nyuma ya mashine, na pumba za kila mpunga uliokobolewa baadaye zikafuata. Moshi wake hauna mwali, unatambaa. Ulikuja mpaka Itetemia na harufu ya wali ulioungua, na Malkia, tumbo likiwa linaburura chini, akawa anainua pua juu ya ubao wa banda kunusa chakula chake kikipita angani.

Mashine nyingine nilizizunguka zote. Pumba zao zina wenyewe siku hizi, wanazipakia malori kwenda Mwanza, na bei waliyonitajia ilikuwa ya kunifukuza. Mashudu peke yake yangemharisha Malkia. Machicha peke yake ni ulevi. Nikamlisha majani ya viazi na maganda, akala, kisha akanitazama akingoja chakula. Jike mwenye mimba akikondeshwa mwezi wa mwisho, maziwa hukauka, na ukichelewa hata watoto wake huwageuza mlo. Nimewahi kuliona kwa jirani.

Nilimwendea Valentino nikiwa na hasira ya kutosha watu wawili.

“Shemeji, mimi nilimshukuru tu,” akasema. Macho yake yalikuwa meupe kabisa, bila hatia wala wazo. “Kushukuru ni dhambi?”

“Umemvua nguo mzee wa watu.”

“Mimi nimempandisha chati. Watu walipiga makofi wote. Uliona.”

Kisha akaamua kurekebisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba Mungu akitaka kukuchelewesha anakupa shemeji. Alinunua kanzu mpya, ya gharama, akaipeleka kwa Mzee Hamoud mwenyewe. Akarudi anameremeta. Mzee alimkaribisha vizuri, akasema, wakaongea habari za mvua. Nikamuuliza alisema nini alipokuwa anaitoa.

“Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, mzee, usinione nimekusahau, hii inatokana na faida ya wale wanyama.”

Kuna upumbavu ambao ukiujibu unaupa kiti. Kanzu ilirudishwa kwake siku hiyohiyo ikiwa imekunjwa vizuri, na Valentino alielewa kwamba saizi haikumfaa.

Basi nikaenda mwenyewe. Nilioga, nikavaa kanga mpya, nikafunga punda na mkokoteni, kwa maana mtu asiyebeba chombo haonyeshi kuwa na tumaini. Nilifika baada ya alasiri, nikamwacha punda nje. Bi Salme alinifungulia, akaniangalia kwa huruma, akanipeleka barazani alipokuwa mzee.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mama Julieth. Karibu. Julieth hajambo huko chuoni?”

“Hajambo, mzee. Anawasalimu.”

Tukazungumza habari za mvua na za mpunga wa Igunga. Kuku hakuwaulizia. Nilipoona salamu zimekwisha nikakunja mikono mapajani, nikasema nilichokuja kusema.

“Mzee, nimekuja kuomba radhi. Shemeji yangu ni mpumbavu. Sijui nimweleze vipi mtu akaelewa. Amezaliwa hivyo na Dar es Salaam ikamwongezea.”

“Namjua,” akasema Mzee Hamoud. “Kwa yule mimi sina kinyongo. Mpumbavu anasamehewa kabla hajaomba. Alikuja hapa na kanzu nikamwonea huruma.”

Moyo wangu ukapanda. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia.

“Basi mzee, naomba unifikirie. Nina mzigo bandani, umekaribia kujifungua. Hata zile za chini ya mashine tu. Nitakuja alfajiri, mtu asinione. Mimi nimekutunzia siri miaka yote hii. Sijawahi kutamka, hata kwa kuungama.”

“Kweli, hukutamka.” Akawa anapangusa mkono wa kiti ambao haukuwa na vumbi. “Na mimi nilikuwa nasema moyoni, yule mama ananisitiri, na mimi namsitiri. Hata watu wa nyumbani mwangu waliponiuliza, niliwaambia muacheni, yule ni mtu wa adabu.”

“Ndiyo, mzee.”

“Siku ile nilipoambiwa nisimame, nilisimama. Unajua mtu akiwa amesimama peke yake, anawaona wote waliokaa. Paroko alikuwa amefunika uso kwa mkono. Rashidi, kule kwenye majiko, aliacha kuchochea moto akageuka pembeni. Nikasema, basi, hao wawili wanatosha. Kisha nikakutafuta wewe.”

Nilijua kabla hajasema. Mikono ilipata joto pale mapajani.

“Ulikuwa unapiga makofi, Mama Julieth. Tena ulikuwa unacheka.”

Bi Salme, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani taratibu.

“Mzee,” nikasema, “kila mtu alikuwa anapiga.”

“Naam,” akasema. “Kila mtu.”

Hakuinua sauti wala hakunifukuza. Aliniuliza kama nitakunywa maji kabla ya kuondoka, na nikanywa, maana kuyakataa ingekuwa kuongeza kosa. Ningeweza kumwambia kwamba niliogopa, kwamba shemeji alinitaja na watu walikuwa wamegeuka kunitazama, kwamba mikono ilijipiga yenyewe na mdomo ukaifuata. Yote yalikuwa kweli. Lakini yalikuwa maneno ya mtu anayejitetea, na mzee hakuwa amenishitaki.

Nilirudi na mkokoteni mtupu kupitia njia ileile ya zamani, na moshi ulikuwa bado unatambaa juu ya mashamba. Malkia alisikia magurudumu, akajiinua kwa shida, akaja mpaka kwenye kihori na kuweka pua. Nilisimama hapo nikimtafutia Valentino tusi, kama ilivyo kawaida yangu, nikajaribu moja na jingine, nikakosa hata moja lisilonienea mimi mwenyewe. Asubuhi nilimpigia simu mnunuzi wa Ulyankulu aje amchukue Malkia kabla hajazaa.